Somo Letu: Kiongozi Asilikwepe Neno Gumu



Katika mitaa yetu tuna viongozi wengi kuliko tunavyodhani. Mchungaji ni kiongozi, na mzee wa kanisa ni kiongozi. Vilevile mwenyekiti wa Umoja wa Mama, mwalimu wa kwaya, mtunza hazina, mwalimu mkuu, mwenye mtumbwi wa dagaa pale mwaloni, na mama mwenye wasichana wawili wanaomsaidia katika genge lake sokoni. Kila mmoja wao ana watu wanaofanya kazi pamoja naye. Na kila mmoja, siku moja, atakuwa na neno gumu la kumwambia mtu wake, naye atatamani kulikwepa.

Somo la mwezi huu lahusu neno hilo. Twataka kuonyesha kwamba kiongozi anayelikwepa hatunzi amani. Anaahirisha ugomvi tu, na mara nyingi wanaolipa gharama ni wengine kabisa, ambao hawakuwa na kosa lolote.

1. Tuanze na kosa letu

Si haki mwalimu kufundisha somo ambalo yeye mwenyewe alilishindwa, bila kulisema hilo kwanza. Basi tuseme.

Katika miaka ya 1990 tulikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ufukoni mwa ziwa, karibu na mwalo wa dagaa. Hisabati ya darasa la saba ilifundishwa na kijana hodari ambaye watoto walimpenda. Mwaka mmoja akabadilika. Alichelewa vipindi vya asubuhi, siku nyingine alisinzia mezani, na madaftari yakarundikana bila kusahihishwa.

Tulifanya nini? Tulimsalimu vizuri kila asubuhi. Tukanung'unika kwa mwalimu mkuu msaidizi. Tukanung'unika kwa mratibu wa elimu wa kata. Nyumbani nako tukanung'unika. Watu wote walijua kwamba tumeudhika naye, isipokuwa yeye. Mwisho tukaandika barua kuomba ahamishwe. Ombi likakubaliwa, akapangiwa shule moja kisiwani Ukerewe.

Siku ya kuondoka alikuja ofisini kuaga. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, mke wangu ni mgonjwa tangu mwezi wa nne. Usiku nilikuwa nakwenda ziwani na wavuvi ili nipate fedha ya dawa. Ungeniuliza, ningekuambia. Hata ungenigombeza, ningekuambia. Lakini ulikuwa ukinisalimia vizuri, nikajua mambo ni shwari."

Hatukuwa na jibu. Alipokwisha kwenda, tulifungua kitabu cha mahudhurio. Kila mkazi wa ufukoni ajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika. Kitabu kilionyesha hivyo hivyo. Siku za mbalamwezi mwalimu yule alifika mapema, na siku za giza alichelewa. Habari yake yote ilikuwa mbele yetu kwa miezi mitano, imeandikwa kwa mkono wetu wenyewe. Tulikuwa tumeweka alama; hatukuwa tumeuliza swali.

Aliyepangwa mahali pake alichelewa kuripoti. Darasa lile likafanya mtihani wa kumaliza shule bila mwalimu wa hisabati, na waliochaguliwa kwenda sekondari wakawa wachache kuliko miaka iliyotangulia.

Miaka mingi baadaye tulipanda meli kwenda Nansio, tukamtafuta, tukamwomba radhi. Mkewe, ambaye alipona, alituletea maji ya kunawa. Tulipomaliza kusema, mwenzetu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yamepita, Mwalimu. Mimi nimekwisha kusamehe. Lakini wale watoto wa darasa la saba, nani atawaomba radhi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

2. Kwa nini twanyamaza?

Twaweza kutaja sababu tatu.

Ya kwanza, twauita ukimya wetu upole. Twasema, "Sipendi maneno," na watu hutusifu kwa ustaarabu. Lakini upole ni namna ya kusema. Asiyesema kabisa hawezi kuitwa mpole.

Ya pili, twaogopa kuvunja uhusiano. Mtunza hazina ni shemeji yetu. Mwalimu wa kwaya ni mtoto wa rafiki yetu. Mzee wa kanisa ametuzidi umri. Twaona heri hesabu ziharibike kuliko undugu uharibike. Mwisho huharibika vyote viwili.

Ya tatu imejificha zaidi. Twaogopa kwamba tukifungua mlango ili tuseme, mwenzetu naye atapata nafasi ya kutuambia yetu. Huenda atasema kwamba hatukumpa vifaa, au kwamba twampendelea fulani, au kwamba hatujawahi kumwuliza hali yake. Kiongozi anayejua kwamba ana deni huogopa kufungua daftari.

Someni habari za Eli, kuhani wa Shilo, katika 1 Samweli sura ya 2 hadi ya 4. Wanawe Hofni na Finehasi walidharau sadaka na kuwaonea watu. Eli hakunyamaza kabisa. Alisema, lakini alisema akiwa mzee sana, baada ya kusikia kwa watu, na wasipomsikia akaacha mambo yaendelee. Hukumu aliyopewa ni kwamba alijua na hakuwazuia. Tazameni pia waliolipa. Hofni na Finehasi walikufa, lakini pamoja nao waliangamia Waisraeli 30,000 vitani, na sanduku la agano likatekwa. Askari wale hawakuwa wamekula nyama ya sadaka ya mtu.

3. Ndugu zetu wa Gahini

Mwaka 1928 daktari kijana kutoka Uingereza, Joe Church, alifika Gahini katika nchi ya Rwanda kufanya kazi ya hospitali ya misheni. Nchi ilikuwa katika njaa kali. Kazi ilimzidi nguvu, na mwaka 1929 alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakaketi pamoja siku chache kusoma Maandiko. Wengi huhesabu mkutano huo kuwa moja ya chemchemi za uamsho wa Afrika Mashariki.

Lakini twaomba mtazame jambo moja dogo ambalo halisimuliwi mara nyingi. Hata baada ya mkutano ule, watumishi wa hospitali ya Gahini hawakupatana. Mkuu wa wasaidizi pale alikuwa Yosiya Kinuka, naye hakuridhika na kazi wala na wenziwe. Akasafiri kwenda Kampala, akamweleza Nsibambi mabaya ya hospitali. Nsibambi hakumfariji, wala hakujiunga naye kulaumu. Alimrudishia swali juu ya moyo wake mwenyewe. Safari ya kurudi Rwanda ilikuwa ndefu, na Kinuka alipata nafasi ya kufikiri. Alifika Gahini akiwa mtu mwingine, akakiri makosa yake na kuomba radhi. Baadaye akawa mchungaji na mmoja wa viongozi wa uamsho.

Tangu hapo ikakua desturi waliyoiita kutembea nuruni. Watu wa kazi moja, daktari na wasaidizi, walimu na wachungaji, wazungu na waafrika, waliketi pamoja na kuambiana kweli. Kumbukeni kwamba siku zile zilikuwa za ukoloni. Mkubwa mzungu kusikia makosa yake kutoka kwa msaidizi wake mweusi, na kumwomba radhi, lilikuwa jambo geni kabisa. Lakini kwa njia hiyo kundi la watu waliokuwa wakinung'unikiana likawa kundi moja, likatembea Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho ulifika Katoke, magharibi mwa ziwa letu, mahali penye chuo cha ualimu cha Kanisa. Wazee wengi waliojenga dayosisi yetu ya Victoria Nyanza, iliyoanzishwa mwaka 1963, walilelewa katika desturi hiyo.

Hata hivyo tusiisimulie habari hii kana kwamba kweli ikisemwa tu mambo yote huwa mema. Mwaka 1941, katika chuo cha uchungaji cha Mukono, Uganda, wanafunzi wenye moto wa uamsho waliwalaumu wakubwa wao waziwazi na kukataa amri ya kuacha mahubiri yao ya alfajiri. Wakubwa nao walitumia mamlaka yao. Wanafunzi 26 walifukuzwa, mmoja wao akiwa William Nagenda, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa mahubiri yake. Kanisa likapoteza wachungaji wengi kwa mkupuo mmoja. Hapa waliolipa ni Wakristo wa vijijini waliokuwa wakiwangojea wachungaji hao. Neno gumu lilisemwa kweli, lakini upande mmoja ulisema kama hakimu, na upande wa pili ulijibu kama polisi.

4. Habari ya pamba yetu

Msidhani kwamba somo hili ni la Kanisa peke yake. Wakulima wa pamba wa Usukuma wanalijua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walishuku mizani ya wanunuzi. Hawakunung'unika gizani tu, bali walijiunga, wakasema wazi, wakaweka watu wao wa kupima. Kutokana na juhudi hiyo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, kilizaliwa mwaka 1955 chama kikuu cha ushirika cha Victoria, chenye makao yake Mwanza, ambacho baada ya miaka michache kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima.

Lakini chama kilipokuwa kikubwa, wanachama walianza kunung'unikia watu wao wenyewe: gharama kubwa, na watumishi wasio waaminifu. Manung'uniko yalikua mpaka mwaka 1966 Rais akaunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Baada yake serikali iliingilia uongozi wa vyama vingi, na kile cha Victoria kikawa chama cha Nyanza. Hatimaye, mwaka 1976, vyama vikuu vyote vya ushirika vilivunjwa, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Chama kilichozaliwa kwa kusema kweli juu ya mizani ya mtu mwingine kilishindwa kuzungumza kwa wakati juu ya mizani yake.

Kuna upande wa pili wa habari hii. Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa taarifa ya kupima kazi iliyofanyika. Angeweza kuandika sifa tupu. Badala yake alikiri kwamba nchi bado haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, akataja na makosa. Mwaka 1982 sheria mpya iliruhusu vyama vya ushirika kurudi. Na mwaka 1984 Mwalimu alisema waziwazi katika mahojiano kwamba kuvunja vyama hivyo, pamoja na kufuta serikali za mitaa, yalikuwa makosa.

Je, kukiri huko kulimshushia heshima? Wasomaji wanajua jibu. Lakini kweli ilikuja baada ya miaka, na miaka hiyo mkulima wa Magu na Kwimba alipeleka pamba yake mahali ambapo hakuwa na sauti. Kweli inayochelewa bado ni kweli, ila riba yake hulipwa na wadogo.

5. Namna ya kulisema neno gumu

Baada ya kushindwa kule shuleni, tulijifunza polepole, hasa tulipokwenda kufundisha katika chuo cha ualimu, ambako kila wiki tuliketi na vijana baada ya kuwatazama wakifundisha darasani. Haya ndiyo tuliyoyaona yanafaa.

(a) Mwendee mwenyewe kwanza, peke yake. Ndivyo Bwana wetu alivyofundisha katika Mathayo 18:15. Ukikwisha kulisema jambo kwa watu watatu kabla yake, umekwisha kumhukumu.

(b) Anza na deni lako. "Nimeona jambo hili mwezi mzima nikanyamaza. Hilo ni kosa langu." Maneno hayo hayakushushi. Humwonyesha mwenzako kwamba hukuja na fimbo.

(c) Sema ulichokiona, usiseme ulichokisikia. "Jumatatu, Jumanne na Alhamisi ulifika baada ya kengele ya pili" ni neno ambalo mtu anaweza kulijibu. "Watu wanasema wewe mvivu" ni neno ambalo halina mlango wa kutokea.

(d) Sema na linavyokugusa. Hapa wengi wetu hushindwa, hasa wanaume. Tumefundishwa kwamba mkubwa haonyeshi moyo wake. Lakini Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro, watu wakimtazama. Na Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba barua yake kali aliiandika kwa machozi mengi, ili wajue anavyowapenda (2 Wakorintho 2:4). Kiongozi akisema, "Nimehuzunika," au "Naogopa watoto hawa watafeli," mwenzake hujua kwamba anasema na mtu, wala si na ofisi.

(e) Uliza, kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa mahubiri. Kama tungeuliza, "Ndugu yangu, kuna nini?" na kungoja hata dakika mbili, tungaliisikia habari ya mgonjwa na ya mtumbwi.

(f) Uwe tayari kubadilika. Ikiwa uamuzi umekwisha kuuandika na barua imo mfukoni, hayo si mazungumzo. Ni hukumu iliyovikwa nguo ya mazungumzo.

(g) Rudi. Baada ya wiki moja mwendee tena, umwulize hali. Wengi husema neno gumu vizuri, kisha wakamkwepa waliyemwambia, naye akadhani amechukiwa.

Twaongeza neno juu ya heshima. Kijana aliyewekwa kuwa kiongozi wa wazee asiseme na mzee kama asemavyo na rika lake. Amwendee nyumbani, amwamkie ipasavyo, aketi mahali anapokaribishwa, wala asimwumbue mbele ya wajukuu. Lakini akishaketi, alitamke neno lenyewe. Wako wanaokwenda kwa mzee, wakanywa uji, wakasifu mihogo, wakaaga na kurudi, na neno limebaki mfukoni.

6. Mipaka

Tusiche kusema na hili: uwazi una mipaka yake.

Kwanza, kusema kweli si ruhusa ya kutukana. Anayejisifu kwamba yeye husema ukweli mtupu ajipime kama hapendi tu kuumiza.

Pili, moyo wa mtu haufunguliwi kwa nguvu. Kiongozi aweza kufungua wake, lakini hana mamlaka ya kumlazimisha mwingine kutubu mbele ya watu. Na aliyoambiwa faraghani yabaki faraghani.

Tatu, yako mambo yasiyomalizwa kwa mazungumzo chumbani. Mtoto akidhuriwa, au mali ya watu ikiibwa, kiongozi anayeyafunika kwa kisingizio cha kupatanishana anawatesa wadogo mara ya pili. Mambo hayo yana sheria zake na wakuu wake, na lazima yapelekwe huko. Hata hapo neno gumu lapaswa kusemwa: "Ndugu, siwezi kulificha hili."

Wazee wetu walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ukuta ukianguka haumchagui aliyeuona ufa. Huangukia yeyote aliyelala upande ule, na mara nyingi aliyelala upande ule ni mtoto.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Someni 1 Samweli 2:22-25 na 3:11-14. Eli alikosa nini, ikiwa aliwaonya wanawe? Angalifanya nini zaidi?

2. Katika mtaa wetu, ni mambo gani ambayo watu wote wanayajua, isipokuwa yule anayehusika?

3. Katika habari ya Mukono, wanafunzi walipaswa kufanya nini? Na wakubwa wao je?

4. Kila mmoja afikiri kimoyomoyo, wala asitaje jina: ni nani ambaye namsalimu vizuri kila siku, nami nina neno naye? Nitamwendea siku gani?

5. Ni nani anayelipa gharama ya ukimya wangu?